Jabari si jina zito

Swali ni lilelile, wanaobadilika ni waulizaji. “Mwalimu, mwanetu tumemwita Jabari. Usiku kucha halali, analia tu. Mzee mmoja ametupigia hesabu, akasema jina ni zito, halikubaliani na nyota yake. Sasa tumwite nani?” Nimeulizwa na mama mmoja wa Tanga, nimeulizwa na baba mmoja wa Mombasa, na majuzi nimeulizwa na bibi aliyenipigia simu saa tano usiku, kilio cha mjukuu kikisikika nyuma yake.

Bibi yule sikumjibu habari ya jina. Nilimuuliza kama mtoto ana homa. Akasema ndiyo, leo siku ya pili. Nikamwomba akate simu ampeleke hospitali usiku uleule. Alipopimwa, malaria. Amepona, alhamdulillahi, lakini siku mbili nzima za homa ziliishia kwenye kutafuta jina. Ndiyo maana leo nalijibu swali hili hadharani, na sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jabari ni jina adimu kwetu. Pitia daftari la mahudhurio la shule ya pwani: utawakuta akina Juma, Baraka, Salimu, pengine na Jabiri wawili watatu. Jabari unaweza kumaliza daftari usimwone, na ukimwona, mara nyingi yuko mwishoni, ni jina la babu. Uadimu huo ndio unaompa mpiga hesabu pa kuingilia. Jina lisilozoeleka ni rahisi kusingiziwa.

Asili yake ni neno la Kiarabu jabbar, la mzizi wa j-b-r, mzizi wenye maana mbili zinazokwenda pamoja: kulazimisha, na kuunga kilichovunjika. Anayerudisha mifupa kwa Kiarabu ni mujabbir, na banzi analofungia ni jabira. Katika karne ya 9, al-Khwarizmi wa Baghdad alipoeleza namna ya kurudishia kiasi kilichopunguzwa kwenye mlinganyo, aliiita kazi hiyo al-jabr. Ndiyo aljebra wanayosoma watoto wetu. Wahispania wa zamani nao walimwita mrudisha mifupa algebrista.

Katika Kurani, Al-Jabbar ni jina la Mwenyezi Mungu, limo katika Suratul Hashr. Likitajwa kwa binadamu, huwa ni lawama: katika Surat Maryam, Nabii Yahya na Nabii Isa wote wawili wanatakaswa na sifa hiyo. Kiswahili kilipolipokea neno kililainisha upande wa binadamu, na kwetu jabari akawa mtu shujaa, mwenye nguvu, asiyeogopa. Kwa hiyo mzazi Mwislamu anayejiuliza kama inafaa kulitumia jina hili bila “Abdu” mbele yake anauliza swali la dini, lenye heshima yake, na lina jibu jepesi nitakalolitaja chini. Swali hilo halina uhusiano wowote na nyota.

Msilichanganye na jirani zake. Jabiri ni jina jingine la mzizi huohuo, nalo ndilo lililoenea: alilibeba sahaba Jabir bin Abdillahi, alilibeba pia Jabir ibn Hayyan, mwanakemia ambaye Wazungu walimjua kama Geber. Jabali ni mwamba au mlima, mzizi wake ni j-b-l, na ndilo lililomo ndani ya Gibraltar, yaani Jabal Tariq. Wengi wetu tunabadilishana r na l tunapozungumza, na kwa sababu hiyo yako majabali yaliyoandikishwa majabari, na majabari yaliyoandikishwa majabali.

Ng'ambo jina hili lina historia nyingine. Miaka ya 1960 na 1970, Wamarekani Weusi wengi walipotafuta majina ya Kiafrika ya kuwapa watoto wao, Kiswahili kilikuwa moja ya visima walivyochota. Sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa mwaka 1966, ina misingi yenye majina ya Kiswahili. Mwaka 1971 mchezaji wa mpira wa kikapu Lew Alcindor alianza kutumia jina la Kareem Abdul-Jabbar, neno hilohilo likiingia kwa mlango wa Uislamu. Jabari Parker, mzaliwa wa Chicago, alichaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2014. Mwaka 2022 Jabari Smith alichaguliwa wa tatu, na jina amelirithi kwa baba yake aliyecheza ligi hiyohiyo. Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 ikaleta kabila zima la Wajabari wa milimani, na wapo wazazi vijana wa kwetu wanaoniambia kwamba jina hili, lililotoka mwambao huu, wao wamelipata sinema. Sisemi jina ndilo lililowapandisha vijana hao wa kikapu. Kusema hivyo nako kungekuwa kupiga falaki.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Watu wengi wanaoiogopa hawajawahi kuonyeshwa inavyopigwa, na ukishaiona hofu inakwisha. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani: alifu 1, be 2, jimu 3, mpaka ghaini 1000. Mpigaji huandika jina la mtoto, hujumlisha herufi zake, huongeza jina la mama, kisha hugawa kwa 12. Kinachobaki ndiyo “nyota”, kuanzia Punda hadi Samaki. Abjadi yenyewe, yaani mpango huo wa thamani za herufi, ni maarifa ya kale yenye hadhi. Washairi na wanahistoria wameitumia kuweka mwaka wa tukio ndani ya maneno. Kosa ni kuifanya iamue maradhi ya mtoto.

Chukua kalamu. Andika Jabari kama Waarabu wanavyoliandika: jimu, be, alifu, re. Ni 3, 2, 1 na 200, jumla 206. Gawa kwa 12, inabaki 2. Mtoto ni Ng'ombe. Mpigaji wa pili anakumbuka kwamba be ina shada, anaihesabu mara mbili: 208, inabaki 4. Mtoto yuleyule sasa ni Kaa. Wa tatu anaandika kama Mswahili anavyotamka, anaweka ye mwishoni bila kuihesabu shada: 216, haibaki kitu, na wao huihesabu hiyo kuwa ya 12. Samaki. Wa nne anaongeza alifu baada ya jimu ili kuivuta sauti: 217, inabaki 1. Punda. Mtoto mmoja, nyota nne. Mtoto hajabadilika, iliyobadilika ni kalamu.

Utaambiwa jina la mama ndilo linalosawazisha. Halisawazishi chochote. Linaongeza kiasi kilekile kwenye kila jumla, kwa hiyo nyota nne zinahama pamoja na zinabaki nne. Tena jina la mama lina mgogoro wake. Neema kwa Kiarabu huishia na te marbuta. Wapo wanaoihesabu 5, wapo wanaoihesabu 400, hivyo mama ana thamani ya 165 au 560. Mama akiwa Pendo, Kiarabu hakina p. Akiwa Chausiku, hakina ch. Mpigaji anachagua herufi ya karibu, na kwa kuichagua herufi amekwisha kuichagua nyota. Na tusisahau kwamba thamani zenyewe si moja dunia nzima: sini ni 60 kwa hesabu ya Mashariki na 300 kwa hesabu ya Maghribi. Mtoto angevuka mpaka akapata nyota nyingine.

“Lakini Mwalimu, sisi tulibadilisha jina na mtoto akanyamaza.” Hii ndiyo hoja inayowashika hata watu wenye elimu zao, kwa sababu wameliona jambo kwa macho. Nawaamini kwamba waliliona. Ila kilio cha mtoto mchanga kina mwendo wake. Huongezeka kuanzia wiki ya 2 hivi, hufika kilele karibu na wiki ya 6, kisha hushuka, na ifikapo mwezi wa 3 au wa 4 nyumba imetulia. Ndivyo ilivyo kwa akina Juma, akina Jabari na akina Yohana. Familia inakwenda kupiga hesabu lini? Inapochoka kabisa, yaani kwenye kilele. Jina linabadilishwa wiki ya 7, kilio kinapungua wiki ya 9, na sifa anapewa mpigaji. Mngebaki na jina la zamani kingepungua vilevile. Lakini hakuna mzazi anayerudi kwa mpigaji kumwambia kwamba hakubadilisha kitu na mtoto ametulia. Na mtoto asiponyamaza, hesabu inarudiwa, malipo yanarudiwa, na muda unakwenda. Muda huo ndio unaonitisha, kwa sababu si kila kilio ni cha uchanga. Kingine ni cha sikio linalouma, kingine cha homa.

Simpingi mzazi anayempa mtoto jina la babu yake, wala familia inayoita kwa zamu majina ya wazee wa pande zote mbili. Hayo ni mapenzi na kumbukumbu, na hayahitaji mtoto augue kwanza. Ninachokipinga ni kumtia mama hofu kwamba jina alilolichagua kwa furaha ndilo linalomla mwanawe.

Na inaniuma zaidi kwa sababu ya neno lenyewe, mganga, ambalo mpigaji hujiita. Kuganga, kwa Kiswahili chetu cha asili, ni kufunga na kuunga kilichovunjika. Gango ni kile kinachoshikiza. Mganga basi ni muungaji, na hiyo ndiyo kazi iliyomo katika mzizi wa Jabari. Anayejiita mganga anapolishitaki jina hili, analishitaki kwa kazi ambayo angepaswa kuifanya yeye.

Yaliyopita si ndwele. Ya kufanya ni haya. Kama shaka yako ni ya dini, andikisha Abduljabari, au zungumza na sheikh unayemwamini. Usimtafute mpiga nyota. Kama unataka maana ya kuunga na kufariji, Jabiri lipo. Kama ulikusudia mwamba, ni Jabali, na mwambie mwandikishaji “l ya limau” kabla hajaandika. Jina liwe moja kwenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na fomu ya shule. Tanzania, mwandikishe mtoto ndani ya siku 90, na usome cheti herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani. Kama kweli hulipendi tena jina, libadilishe kwa sababu hulipendi, mapema, kabla ya shule. Baadaye utahitaji wakili, hati ya kubadili jina, na kurekebisha kila karatasi. Asikudai mtu hela, kuku wala kombe kwa ajili hiyo. Mtoto analia lakini ananyonya na hana homa: mbebe, mcheulishe, pokezaneni usiku. Ana homa, anakataa ziwa, anatapika kila anachokunywa, analegea au anashtukashtuka: hospitali, saa hiyohiyo.

Na usiku wa leo akilia, kabla hujamtafuta mtu wa kalamu, weka kiganja chako kwenye kipaji cha uso wake.