Tupime hatari za majanga katika kijiji chetu

Tarehe 27 Agosti 2020, mjini Arua, watoto waliokuwa wakicheza mpira walikimbia mvua na kujificha ndani ya kibanda. Radi ilipiga kibanda hicho na watoto 10 wakafa. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, radi iliua watu 14 waliokusanyika kusali ndani ya jengo la mabati. Wengine 34 waliumia.

Ndugu zangu, radi hatuwezi kuizuia. Lakini tunaweza kujua mapema ni wapi watu wetu hukusanyika mahali pasipo na kinga. Huko ndiko kupima hatari.

Kupima hatari ni nini?

Ni kujibu maswali matatu: Nini kinaweza kutokea hapa? Nani ataumia zaidi? Tuna nini cha kujikinga? Mvua kubwa ikinyesha porini haimdhuru mtu. Mvua hiyo hiyo ikifurisha choo kilicho karibu na kisima, inaweza kuleta kuhara na kipindupindu.

Namna ya kufanya

Viongozi wa RWC, VHT, akina mama, wazee, vijana na watu wenye ulemavu wakae pamoja. Waalikeni wenyeji pia, kwa sababu wao wanajua maji ya mto yalifika wapi miaka ya nyuma.

1. Kalenda. Andikeni miezi 12. Kwetu Arua na Koboko mvua huzidi kati ya Agosti na Oktoba, pamoja na radi, upepo na mbu wa malaria. Desemba hadi Februari ni kiangazi: moto wa nyasi, shida ya maji na homa ya uti wa mgongo.

2. Ramani. Choreni chini kwa kijiti: nyumba, visima, vyoo, mabonde, shule, makanisa, misikiti na njia ya kwenda kituo cha afya. Wekeni jiwe kila mahali penye hatari.

3. Watu. Yuko wapi mama mjamzito, mzee anayeishi peke yake, mtu asiyeweza kutembea? Nani atamsaidia? Orodha ya majina itunzwe na VHT, isibandikwe hadharani.

4. Alama. Kila hatari ipeni alama 1 hadi 3 kwa jinsi inavyotokea mara kwa mara, na 1 hadi 3 kwa ukubwa wa madhara. Kisha zidisheni. Mfano: tetemeko la ardhi lililozidi kipimo cha 7 lilitokea karibu na Juba tarehe 20 Mei 1990. Linatisha, lakini ni la nadra: 1 mara 3 ni 3. Vyoo kufurika kila mwaka: 3 mara 2 ni 6. Radi: 3 mara 3 ni 9. Anzeni na yenye alama nyingi.

Tufanye nini?

Radi: Ukisikia ngurumo, acha shamba, mpira na foleni ya maji. Usisimame chini ya mti. Nyumba ya nyasi, hema na kibanda cha mabati havikingi radi. Jengo kubwa lenye kinga ya radi, au gari la bati lililofungwa vioo, ni bora. Kama hayapo, msisongamane chumba kimoja, na mkae mbali na kuta na nguzo. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mshikeni bila woga. Kama hapumui, mkandamizeni kifua na kumpulizia pumzi mara moja, huku mwingine akitafuta usafiri wa kumpeleka kituo cha afya.

Vyoo: Chimbeni mfereji wa kupitisha maji ya mvua. Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini.

Moto: Fyekeni nyasi kuzunguka nyumba kabla ya Desemba.

Mkimaliza, pelekeni matokeo kwa RWC na Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo inashughulikia wakimbizi na majanga pia. Rudieni kazi hii kila mwaka kabla mvua hazijaanza. Kinga ni bora kuliko tiba.