Kiongozi Akituhumiwa Uchafu: Aondoke au Abaki?



Haipiti miezi mingi katika mabaraza ya Upanga na vibaraza vya maduka ya Kariakoo ila hutajwa kiongozi fulani, wa hapa kwetu au wa nchi nyingine, kwamba ameonekana na mwanamke asiye mkewe, au kwamba amemtaka binti aliye chini ya mamlaka yake. Watu hugawanyika pale pale. Wa chama chake husema, "Hayo ni mambo yake ya ndani, tena amezuliwa na maadui." Wa chama kingine husema, "Aondoke leo hii!" Mwezi ukigeuka, na mtuhumiwa akawa ni wa upande wa pili, makundi yale mawili hubadilishana maneno bila haya. Vijana wetu wapo wanasikiliza, nao hujifunza kwamba dhambi hupimwa kwa rangi ya bendera.

Yafaa basi tulitazame jambo hili kwa utulivu. Je, kiongozi aliyetuhumiwa zinaa au uchafu mfano wake, yampasa kuacha kazi? Na sisi tunaomhukumu, twahukumu kwa haki?

Jambo hili si geni. Katika mwaka wa 17 wa Hijra, liwali wa Basra, Sahaba Mughira bin Shu'ba, alituhumiwa zinaa. Khalifa wakati ule alikuwa Sayyidna Umar bin Khattab. Hakusema, "Huyu ni mtu wetu, tumfichie." Wala hakusema, "Amekwisha kuharibika, tumhukumu." Alimpeleka Abu Musa Al-Ash'ari kushika Basra mahali pake, akamwita Mughira na mashahidi wote Madina. Watatu walishuhudia. Wa nne, Ziyad, hakuthibitisha lile lililotakiwa kuthibitishwa. Hapo tuhuma ikaanguka, na wale watatu wakapigwa viboko kwa hukumu ya kusingizia. Baadaye Umar alimpa Mughira uliwali wa Kufa.

Tumzingatie Umar kwa vipande vitatu. Kwanza, alimwondoa kitini kabla ya hukumu, kwa kuwa haiwezekani mashahidi wa Basra waseme kwa uhuru mbele ya liwali wa Basra. Pili, kumwondoa hakukuwa kumtia hatiani. Ushahidi ulipopunguka, aliachiliwa. Tatu, heshima yake ilirudishwa kwa vitendo, akapewa kazi nyingine. Kuondoka kitini na kupatikana na hatia ni mambo mawili mbalimbali. Ugomvi wetu mwingi wa barazani hutokana na kuyachanganya.

Lakini mtu mwenye akili atauliza: kama kila atuhumiwaye ataondoka, je, adui hatapata silaha nyepesi? Swali hili ni la haki, na jibu lake tuliliona kwa jirani zetu wa Uganda. Dokta Kizza Besigye alirudi nchini mwake mwezi wa Oktoba 2005 kutoka uhamishoni Afrika Kusini, ili agombee urais dhidi ya Rais Yoweri Museveni. Tarehe 14 Novemba alikamatwa, akashtakiwa uhaini, na pamoja nao akashtakiwa kubaka, kwa jambo lililodaiwa kutendeka mwaka 1997. Mjini Kampala kukazuka ghasia. Alipitishwa kuwa mgombea hali yumo gerezani, akatolewa kwa dhamana Januari 2006, na siku nyingi za kampeni akazimaliza mahakamani. Uchaguzi ulifanyika tarehe 23 Februari. Hukumu ya kesi ya kubaka ilitolewa tarehe 7 Machi, uchaguzi umekwisha pita: Jaji John Bosco Katutsi wa Mahakama Kuu alimwachia huru, akiukosoa vikali ushahidi ulioletwa.

Kama kanuni ingekuwa kwamba kila mtuhumiwa ajitoe, basi mwenye polisi na gereza angeweza kujichagulia mshindani wake. Kwa hiyo tupambanue. Mughira alikuwa na mamlaka juu ya mashahidi. Besigye hakuwa na mamlaka juu ya yeyote, bali mamlaka yalikuwa juu yake. Kipimo basi si ukubwa wa kelele. Kipimo ni hiki: je, kiti cha mtu huyu chaweza kumtisha shahidi, kumpotosha mpelelezi, au kumziba mdomo mlalamikaji? Kikiweza, na akipishe mpaka uchunguzi umalizike. Kisipoweza, na angoje mahakama kama raia mwingine.

Tuangalie pia upande wa wapenzi wa viongozi, kwani huko ndiko kwenye msiba mkubwa. Nchini Afrika Kusini, Jacob Zuma alishtakiwa kubaka mwezi wa Desemba 2005. Aliacha kwa muda kazi zake za unaibu rais wa chama cha ANC, na tarehe 8 Mei 2006 mahakama ilimwona hana hatia. Mwaka 2009 akawa Rais wa nchi. Hukumu ni ya mahakama, nasi hatuiongezi wala hatuipunguzi. Lakini wakati kesi inasikilizwa, mashabiki walikusanyika nje wakimtukana mwanamke aliyelalamika na kuichoma picha yake, hata baadaye akalazimika kuihama nchi. Watu wale hawakuwa wamesikia ushahidi. Walichokijua ni jambo moja tu, kwamba mtuhumiwa ni wao.

Wala tusidhani kwamba waliotutangulia kwa shule na mitambo wametutangulia na kwa uadilifu. Mwaka 1963, waziri wa vita wa Uingereza, John Profumo, aliliambia Bunge mwezi wa Machi kwamba hapakuwa na ubaya baina yake na msichana mmoja. Mwezi wa Juni akakiri kwamba alisema uwongo, akajiuzulu. Kisha alitumia miaka mingi akiwatumikia maskini wa mashariki ya London. Mwaka 1998, Rais Bill Clinton wa Marekani alikana kisha akakiri uhusiano wake na msichana aliyefanya kazi katika ofisi yake. Baraza la Wawakilishi lilimshtaki tarehe 19 Desemba, na siku ile ile Bob Livingston, aliyekuwa amechaguliwa na chama cha wapinzani wake kuwa Spika, alitangaza kujiuzulu kwa kuwa naye mwenyewe aligunduliwa amekwenda nje ya ndoa. Newt Gingrich, aliyekuwa Spika wakati ule, alikuja kukiri mwaka 2007 kwamba naye siku zile alikuwa katika hali hiyo hiyo. Na Februari 1999, ilipopigwa kura katika Seneti, maseneta wote 45 wa chama cha Clinton walisema hana hatia. Waliokuwa wakimnyoshea kidole walikuwa na lao la kuficha, na waliokuwa wakijiita watetezi wa wanawake waligeuza nyuso.

Na sisi hapa? Mzee Ali Hassan Mwinyi aliacha uwaziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970, kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Si yeye aliyewapiga, ila aliona dhamana ni yake. Kuondoka kule hakukumshusha: mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Anayedai kwamba kujiuzulu ni kujizika, na amtazame Mzee Mwinyi.

Tazameni na upande wetu mwingine. Marehemu Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu tarehe 7 Februari 2008 kwa jambo la Richmond, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Mwaka 2015 alihama CCM akagombea urais kwa CHADEMA. Je, hatukusikia baadhi ya ndimi zilizomwita fisadi zikimwita mkombozi, na baadhi ya ndimi zilizomtetea zikimlaani? Mtu ni yule yule, na jambo ni lile lile. Kilichobadilika ni shati. Lile lilikuwa jambo la fedha, lakini moyo uliozoea kupima fedha hivyo, na zinaa utaipima hivyo hivyo.

Mwanamke mmoja wa ukoo mkubwa wa Bani Makhzum alipoiba, watu walimtuma Usama bin Zayd amwombee kwa Mtume (S.A.W.). Mtume alikasirika, akawaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mkubwa na kumwadhibu mnyonge, na kwamba hata binti yake Fatima hangesamehewa. Nayo Sura ya Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha kusimamia haki hata juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Na Sura ya Maida, aya ya 8, yatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Amri hizi mbili zamfunga mpenzi wa chama na mpinzani wake kwa kamba moja.

Basi jibu letu ni hili. Dhambi ya siri ya mtu, isiyomdhulumu mwingine wala kuigusa kazi yake, tusiipekue. Upelelezi wa aibu za watu umeharimishwa, na mlango wa toba u wazi. Lakini kiongozi akitumia cheo kumtaka mwanafunzi, mtumishi au mwenye haja ofisini, hilo si jambo la chumbani tena. Ni khiyana ya amana, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, imelifanya kuwa kosa la jinai. Huyo akituhumiwa kwa dalili za kutosha, na akae kando mara moja. Ikithibiti, aondoke na aadhibiwe. Isipothibiti, arudishiwe heshima yake hadharani. Na aliyewadanganya kwa makusudi wale waliompa dhamana, amekwisha kuipoteza. Sharti la mashahidi wanne liliwekwa kuwalinda watu na uzushi. Halikuwekwa kumnyamazisha aliyedhulumiwa.

Enyi wazazi, kazi inaanzia nyumbani. Picha chafu ya kiongozi ikiletwa katika simu, usiirushe kwa mwingine, hata akiwa ni wa chama usichokipenda. Mwanao akisema, "Fulani ajiuzulu," mwulize: "Na kama angekuwa ni yule tumpendaye?" Akibadilisha jibu, mfahamishe kwamba hajaitafuta haki bado. Wala usimruhusu mtu yeyote sebuleni kwako kumtukana binti aliyelalamika kabla hajasikilizwa, kwani labda binti yako mwenyewe yupo karibu anasikia, naye anajifunza leo kama siku yake ikifika aseme au anyamaze.

Wabillahi taufiq.