Kupungua kwa Masharti Makali: Mwili, Chakula na Jamii katika Karagwe na Kyerwa

Mpango mkali wa kupunguza uzito ni utaratibu wa kula unaompa mtu nishati kidogo kuliko ile mwili wake unayotumia, kwa muda uliopangwa na kwa masharti yasiyobadilishwa kila mlo. Mtu mzima mwenye kazi za wastani hutumia takribani kilokalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Mipango ya kawaida hupunguza kama kilokalori 500 kutoka hapo. Mipango mikali humshusha mtu hadi 1,200 au pungufu, na ile iliyo chini ya 800 hufanywa tu chini ya uangalizi wa daktari. Masharti yenyewe hutofautiana: wapo wanaoacha kabisa ndizi, ugali, wali na chapati, wapo wanaokaa saa 16 bila kula na kufungulia jioni, na wapo wanaoishi kwa supu, mboga na mayai kwa wiki kadhaa.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mipango hii imeingia zaidi kwenye miji midogo kama Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro, kwa watu ambao kazi zao ni za kukaa na safari zao ni za bodaboda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Mkoa wa Kagera unabeba mzigo wa pande mbili, kwa kuwa utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulikuta takribani mtoto mmoja kati ya watatu wa chini ya miaka mitano mkoani humo amedumaa. Nyumba moja inaweza kuwa na mama mwenye uzito mkubwa na mtoto ambaye hakui inavyopaswa.

Mwili mnene katika historia ya Karagwe

Karagwe ina historia ya masharti makali juu ya mwili, ingawa yalielekea upande wa kunenepesha. Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanika, mwezi Novemba 1861. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieleza kwamba wanawake wa ukoo wa kifalme walinyweshwa maziwa mfululizo hadi baadhi yao wakashindwa kusimama. Alimpima shemeji mmoja wa mfalme, na vipimo vyake vikigeuzwa kwa sentimita ni hivi: mzunguko wa mkono 58, wa kifua 132, wa paja 79, wa shavu la mguu 51, na urefu 173. Binti wa mwanamke huyo, mwenye umri wa miaka 16, alikuwa ameketi akinywa maziwa huku baba yake ameshika fimbo ili asiache kunywa.

Desturi hiyo iliwahusu watu wa jumba la kifalme na wenye ng'ombe wengi. Mkulima wa kawaida aliyeishi kwa ndizi, maharage na jembe hakuwa na maziwa ya kumnenepesha mtu. Unene ulikuwa tangazo la mali: mwanamke asiyeweza kusimama ni mwanamke asiyehitaji kulima. Sharti hilo lilisimama kwa sababu mambo matatu yalikuwepo kwa pamoja, yaani maziwa tele, watumishi wa kuyaleta na msimamizi mwenye fimbo. Ugonjwa wa sotoka ulipoua sehemu kubwa ya ng'ombe wa ukanda huu katika miaka ya 1890, nguzo ya kwanza ilivunjika. Mipango ya leo ya kupunguza uzito inaongozwa na kanuni hiyohiyo. Sharti kali hudumu maadamu mazingira yanayolibeba yapo. Yakiondoka, mwili hurudi kwenye chakula kilichopo.

Karne iliyofuata iliongeza maana nyingine. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi kukonda kukawa dalili ya kwanza iliyoogopwa. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004 na zimerudisha afya za watu wengi, lakini kumbukumbu haifutiki upesi. Mtu anayepungua kilo kumi kwa hiari yake bado hukutana na maswali: "Unaumwa?" "Una mawazo gani?" Anayeanza mpango mkali bila kuwaambia watu wa nyumbani kwake hujikuta akibeba njaa na minong'ono kwa wakati mmoja.

Kujua kama kuna haja

Kipimo cha kwanza ni uwiano wa uzito na urefu: kilo za mtu hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye urefu wa mita 1.60 hufikia kiwango cha 25, yaani mwanzo wa uzito uliozidi, akiwa na kilo 64. Hufikia 30, yaani mwanzo wa unene uliokithiri, akiwa na takribani kilo 77. Kipimo cha pili ni kiuno, ambacho huonyesha mafuta yaliyozunguka ini na utumbo. Hatari huanza kuongezeka kwa mwanamke anapovuka sentimita 80 na kwa mwanaume anapovuka 94. Pamoja na hivyo hupimwa presha na sukari ya damu, na mizani, utepe na mashine za vipimo hivyo ni vifaa vya kawaida vya kituo cha afya.

Hatua hii hairukwi, kwa kuwa mtu anayekonda bila kukusudia anahitaji kuchunguzwa kifua kikuu, kisukari na maradhi mengine kabla ya jambo lolote lingine.

Mwili unavyopokea sharti

Wiki ya kwanza hudanganya. Mwili una akiba ya sukari iitwayo glaikojeni kwenye ini na misuli, na kila gramu yake hukaa pamoja na takribani gramu tatu za maji. Chakula kikipungua ghafla, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo. Mizani inaweza kushuka kilo mbili au tatu kwa siku chache, lakini nyingi si mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takribani kilokalori 7,700, hivyo mwenye upungufu wa 1,000 kwa siku hupoteza mafuta chini kidogo ya kilo moja kwa wiki. Siku hizo za mwanzo huja na kichwa kuuma, kizunguzungu, choo kigumu na hasira za karibu.

Kuanzia wiki ya tatu au ya nne kasi hupungua. Mwili mwepesi hutumia nishati kidogo, na zaidi ya hapo hujibana. Homoni ya leptini, inayotoka kwenye mafuta na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, hushuka, huku grelini ya tumboni, inayoamsha njaa, ikipanda. Mtu husikia baridi, hulala vibaya na huwaza chakula mchana kutwa. Hayo ni majibu ya mwili uliojengwa kuvuka vipindi vya uhaba, na anayeyapitia hana sababu ya kujiona dhaifu wa nia.

Jaribio lililoeleza jambo hili kwa undani lilifanywa na Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Vijana 36 wenye afya walilishwa takribani kilokalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24, wakatembea kama kilomita 35 kila wiki, na wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walianza kukusanya vitabu vya mapishi, wakaramba sahani, wakajitenga na wenzao. Waliporuhusiwa kula, wengi walikula kupita kiasi kwa miezi. Mwaka 2016, mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha matokeo ya washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito nchini Marekani. Walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58 katika wiki 30. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 41, na miili yao ikiwa imepumzika ilitumia kama kilokalori 500 pungufu ya ilivyotarajiwa kwa siku.

Hata hivyo mpango mkali unaweza kuleta faida kubwa. Utafiti uitwao DiRECT, uliofanywa Uskoti na kaskazini mwa Uingereza kwa watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili, uliwapa nusu yao vinywaji maalumu vya kilokalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha ukawarudisha kwenye chakula cha kawaida hatua kwa hatua. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya waliofuata mpango walikuwa wameachana na dawa za kisukari huku sukari yao ikiwa chini ya kiwango cha ugonjwa. Kwa nusu nyingine, isiyopewa mpango huo, ilikuwa asilimia 4. Mwaka wa pili asilimia ya waliofuata mpango ilishuka hadi 36. Tofauti moja kati yao na wale wa televisheni ni wahudumu wa afya waliowafuatilia mwezi hadi mwezi, hata baada ya kipindi cha ukali kwisha.

Sahani ya Karagwe na Kyerwa

Chakula kikuu cha Wanyambo, wenyeji wa wilaya hizi, ni ndizi za kupika, mara nyingi zikichemshwa sufuria moja na maharage, na mipango mingi iliyoandaliwa mbali huziweka ndizi kwenye orodha ya adui. Hesabu haiungi mkono hukumu hiyo. Gramu 300 za ndizi zilizochemshwa hubeba takribani kilokalori 350. Kikombe cha maharage yaliyopikwa hubeba kama 230, pamoja na gramu 15 za protini na nyuzinyuzi nyingi zinazoshibisha kwa muda mrefu. Ikiongezwa mboga ya majani isiyokaangwa, mlo mzima uko karibu na kilokalori 600, na mtu anayekula milo miwili ya namna hiyo yumo ndani ya mpango mkali bila kununua chochote cha dukani.

Nishati ya ziada huingia kwa njia nyingine. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takribani kilokalori 120, na anayemimina kutoka kwenye dumu bila kupima hutia vijiko vitano kwa urahisi. Chapati moja ya mafuta inaweza kufikia 300. Soda ya mililita 350 ina kama 150, na bia ya nusu lita kama 200. Lubisi, yaani pombe ya ndizi, hubeba sukari na kilevi kwa viwango vinavyotegemea mtengenezaji, na huwa hainywewi glasi moja. Senene, wadudu wa kuliwa wa Novemba na Desemba, wana protini nyingi lakini pia mafuta mengi, hivyo konzi moja inatosha. Kwa hiyo mpango unaofaa wilaya hizi hupunguza ukubwa wa sahani, hupima mafuta kwa kijiko, huondoa sukari kwenye chai na huacha vinywaji vitamu na pombe. Maharage na mboga hubaki, na dagaa, samaki, mayai au maziwa huongezwa ili misuli isiliwe pamoja na mafuta.

Ugumu mkubwa uko kwenye ukarimu. Mgeni hukaribishwa kwa chakula, na kukikataa huonekana dharau. Misiba, harusi na sherehe za kipaimara zina sahani zilizojaa. Wanaodumu huchukua kidogo na kula taratibu, au hupanga siku zao ili mlo wa ugenini uwe ndio mlo wa siku. Mwenye mazoea ya kufunga Ramadhani au Kwaresima tayari anajua kuishi na njaa ya saa nyingi, mradi futari isigeuke karamu.

Wasiopaswa kujiingiza

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na vijana wanaokua hawapaswi kufuata mipango ya namna hii. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari anaweza kuzimia akipunguza chakula bila kupunguziwa dozi. Mwenye presha hali kadhalika huhitaji dawa zake ziangaliwe upya. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi, wagonjwa wa kifua kikuu, wenye maradhi ya figo au ini, na waliowahi kuwa na vidonda vya tumbo waanzie kwa daktari. Kupungua kwa kasi kubwa huongeza pia uwezekano wa mawe kwenye mfuko wa nyongo. Chai na vidonge vya kukondesha vinavyouzwa bila maelezo ya kilichomo ni vya kuepukwa kabisa, kwani baadhi huharisha na kutoa maji, na vingine huusumbua moyo.

Baada ya masharti

Kazi ndefu huanza siku mpango unapokwisha. Chakula hurudishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, mizani hupandwa mara moja kwa wiki, na kilo mbili zikirudi masharti hurudishwa kabla hazijawa kumi. Kutembea vilima, kulima na kubeba maji husaidia zaidi kulinda uzito mpya kuliko kuushusha. Lengo pia lisiwe kubwa kupita haja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliowalenga watu waliokuwa karibu kupata kisukari, ulilenga upungufu wa asilimia 7 tu ya uzito na dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na hatari ya kisukari ikashuka kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo sita na kidogo.

Kwa kaya ya Karagwe au Kyerwa, mabadiliko yanayodumu ni yale yanayoingia kwenye sufuria ya wote. Mpishi akipunguza mafuta na kuongeza maharage, mboga na dagaa, mama anapungua bila kupikiwa peke yake, na mtoto anapata protini anayoihitaji ili akue.