Taa za Dashibodi Zinazopuuzwa Kutoka Isebania Hadi Mbita

Ukipita steji ya Homa Bay alfajiri, magari ya Rodi Kopany na Rongo yakiwa yamejipanga kungoja abiria, utasikia sauti ya mwanamke wa Kijapani ikitoka gari moja baada ya jingine. Dereva anazungusha ufunguo, mwanamke anasema yake, dereva anaendelea kuita watu. Yeyote aliyewahi kupanda Probox, Fielder au Sienta huku Nyanza Kusini ameisikia sauti hiyo. Anachosema ni kwamba kadi ya ETC haijachomekwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara kuu za Japani bila kusimama, na gari linaendelea kuidai kadi hiyo hata likiwa limejaa magunia ya omena kutoka Mbita.

Onyo hilo lenyewe halina madhara yoyote. Madhara yamo katika mazoea linayoyajenga. Dereva anayesikia kila asubuhi gari likidai jambo lisilomhusu huacha kujiuliza linasema nini, na taa nyekundu ya oili ikimwakia siku moja pale Awendo, huipita vivyo hivyo. Mafundi wa Migori wanaofungua injini zilizokwama wanaijua habari hii vizuri kuliko mtu mwingine yeyote: taa iliwaka, mwenye gari aliiona, akasema nitafika kwanza.

Ninalitaja jambo hili sasa kwa sababu magari yenyewe yamebadilika. Kanuni ya Shirika la Viwango nchini, KEBS, hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025 mlango ulifungwa kwa magari yaliyosajiliwa kabla ya 2018. Watu wengi huiona kanuni hii upande wa bei tu, na ni kweli imewaumiza wanunuzi. Lakini ina upande wa pili usiozungumzwa. Toyota ilianza kufunga mfumo wake mdogo wa usalama kwenye Corolla Axio na Fielder mwaka 2015, na baadaye ukafika hata kwenye Probox, gari ambalo sisi hulijua kwa kubeba watu na mizigo kupita kiasi. Subaru ilikuwa na EyeSight, mfumo wa kamera mbili, tangu 2008. Kwa hivyo gari la kawaida linaloshushwa Mombasa leo na kuuzwa Migori wiki chache baadaye mara nyingi lina kamera inayotazama barabara, kompyuta inayoweza kukanyaga breki yenyewe, na kioo kidogo katikati ya dashibodi chenye kurasa nyingi za habari, zote kwa Kijapani. Kitabu cha mwongozo, kama kimo ndani ya kisanduku, nacho ni cha Kijapani.

Nani anamfundisha dereva mambo haya? Katika shule nyingi za udereva mwanafunzi husimama mbele ya ubao wenye mji mdogo uliochorwa, kigari cha kuchezea mkononi, akaonyesha namna ya kuingia mzunguko na kutoka. Atakariri ishara za barabarani. Alama zilizo nusu mita kutoka puani pake, ambazo ataishi nazo kila siku ya udereva wake, ni mara chache kuulizwa. Hili ni pengo la kuzibwa na mamlaka ya usafiri, NTSA, katika mtihani wenyewe, na sioni gharama kubwa ndani yake. Alama za dashibodi zimewekewa kiwango cha kimataifa, kwa hivyo karatasi moja yenye picha ingetosha kwa Toyota, Nissan, Mazda na Subaru kwa pamoja.

Rangi ndizo za kuanza nazo. Kijani na buluu hueleza tu kwamba kitu fulani kinafanya kazi. Njano inasema kuna kasoro, peleka gari gereji. Nyekundu inasema simama sasa, na hapa ndipo magari yanapofia. Taa nyekundu yenye umbo la birika la oili haipimi kiasi cha oili. Inapima msukumo wake. Inapowaka ukiwa njiani, vyuma vya ndani vinasagana vikavu, na dakika chache za kujikaza kufika nyumbani zinaweza kuua injini nzima. Taa nyekundu ya betri, licha ya picha yake, mara nyingi inamaanisha kwamba alteneta haichaji na gari linakula akiba iliyobaki. Taa nyekundu ya breki huwaka hendibreki ikiwa juu, lakini ikiwaka hendibreki ikiwa chini, mafuta ya breki huenda yamepungua. Anayeteremka kutoka Kisii kwenda Rongo akiwa na taa hiyo anacheza na maisha ya watu waliomlipa nauli.

Taa ya joto inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi siku hizi. Magari mengi madogo hayana tena ule mshale wa joto. Asubuhi huwaka taa ya buluu kuonyesha injini bado baridi, inazima, kisha kimya. Ikirudi, hurudi ikiwa nyekundu. Aliyezoea mshale aliona joto likipanda kidogo kidogo akapata nafasi ya kupunguza mwendo; mwenye taa peke yake hupata habari mambo yakiwa yameharibika tayari. Kwa hivyo, kwa gari la aina hiyo, kuchungulia maji ya rejeta kabla ya safari, injini ikiwa baridi, si ushamba hata kidogo.

Taa inayowagombanisha watu na mafundi wao ni ile ya njano yenye picha ya injini. Katika gereji moja mjini Migori nilimkuta mwalimu mstaafu akiwa amesimama kando ya Fielder yake, fundi kijana akiwa ameinama chini ya usukani ambako huchomekwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Mashine ikatoa msimbo: P0420.

“Mwalimu, gari linasema kile kichujio cha moshi hakifanyi kazi,” fundi akasema. “Nimeangalia chini. Kilitolewa. Kuna bomba tupu.”

“Kilitolewa na nani?”

“Pengine aliyekuuzia, pengine gereji ulikopita. Kina madini ya bei, watu hukinunua.”

“Basi izime hiyo taa, mwanangu.”

“Naweza kuizima, Mwalimu, lakini nitakuwa nimechana barua tu. Aliyeiandika bado yuko pale pale, ataandika nyingine.”

Kijana huyo alistahili kulipwa mara mbili. Wako wengi wanaofuta msimbo, wanapokea pesa, na taa inarudi gari likiwa limefika Kakrao. Akamwambia pia jambo ambalo kila mwenye gari angepaswa kulijua: taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, unaweza kuendesha taratibu hadi kwa fundi. Ikianza kupepesa, petroli inapita bila kuungua ndani ya injini, na moto wake unaharibu mfumo wa moshi. Hapo unapunguza mwendo mara moja na kutafuta pa kusimama.

Sasa tuje kwenye ile kamera. Ukitazama juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, utaona kijisanduku cheusi. Kwenye Axio na Fielder za mfumo wa 2015, ndani mna kamera moja na leza. Kazi yake ni kutambua gari lililo mbele, kupiga kelele ukilikaribia kwa kasi, na kukanyaga breki usipofanya chochote. Breki hiyo inayojikanyaga yenyewe hufanya kazi takriban kati ya kilomita 10 na 80 kwa saa. Onyo la kutoka kwenye mstari huanza kwenye kilomita 50 hivi. Na mfumo huo wa kwanza haukuundwa kumtambua mtu anayetembea kwa miguu. Ninarudia, kwa sababu nimesikia madereva wakijisifu kwamba gari lao “linajisimamisha lenyewe”: haukuundwa kumtambua mtoto anayevuka kwenda shule.

Kuna jambo jingine. Mfumo huu ulitengenezewa barabara zenye mistari myeupe inayoonekana na magari yenye taa. Barabara ya Isebania hadi Rongo ina mistari mahali na mahali haina, hasa pale lami ilipozibwa viraka. Usiku, katika mashamba ya miwa yanayozunguka kiwanda cha sukari cha Sony pale Awendo, kuna trekta zinazovuta trela bila taa ya nyuma wala kiakisi mwanga. Sithubutu kumwambia mtu yeyote kwamba leza itaiona trela hiyo kwa wakati. Vivyo hivyo zile taa kubwa zinazojishusha zenyewe. Kamera huzishusha inapoona taa za wengine, kwa hivyo mwenye baiskeli isiyo na taa kati ya Rodi Kopany na Homa Bay atapigwa mwanga wote machoni. Kwenye barabara zetu, mimi ningeushusha mwanga kwa mkono.

Haya yote hayamaanishi kwamba mfumo huo ni bure. Kenya ilipoteza zaidi ya watu 4,700 barabarani mwaka 2024, na gari linalopunguza kasi kabla ya kugonga, hata kwa kilomita 20 kwa saa tu, hubadilisha uzito wa ajali. Kinachoniuma ni kwamba tunaununua msaada huo kisha tunaupofusha wenyewe. Wadudu wa ziwani wanaotoka kwa makundi jioni huko Mbita na Sori hujipakaza kwenye kioo. Waipa za gari hufagia mbele ya kamera pia, lakini waipa iliyokwisha huacha utandu, na kompyuta huuzima mfumo na kuwasha taa ya njano. Maji, kitambaa safi, na taa inaondoka. Kwenye magari yenye rada nyuma ya nembo ya mbele, wenye magari hufunga vyuma vya kung’aa juu yake kwa urembo na kuiziba kabisa. Na kioo kikipasuka kwa kokoto, hubadilishwa kwa kingine cha bei nafuu, kamera ikarudishwa mahali pake kwa mkono bila kupimwa upya. Kamera iliyopinda kidogo tu hutazama mahali pasipo sahihi mita hamsini mbele.

Mzigo nao hufanya hayo hayo. Probox iliyobeba watu tisa na kreti za samaki hukaa kitako, pua juu. Taa zake zinawamulika wanaokuja, na kamera inatazama juu kuliko barabara. Karibu na usukani kuna kigurudumu kidogo chenye namba 0 hadi 5 ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Ni cha kushusha mwanga wa taa gari linapokuwa na uzito nyuma. Kukizungusha huchukua sekunde moja na huwaondolea kiwi bodaboda wote mnaopishana nao hadi Rongo. Kigurudumu hicho hakiigeuzi kamera, wala hakihalalishi abiria wa tisa.

Kitufe kingine kinachofaa huku kwetu ni kile chenye picha ya gari lililoacha alama za kuserereka nyuma yake. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi wa bonde la Lambwe, gari linaweza kukwama huku dereva akikanyaga mafuta na injini ikikataa kuvuma. Injini haijaharibika, kompyuta imeona magurudumu yakizunguka bure, ikapunguza nguvu. Bonyeza kitufe hicho, gari litakuachia nguvu ya kujitoa. Ukishatoka, kirudishe. Taa yenye picha hiyo hiyo kwenye dashibodi ikipepesa kwenye kona yenye utelezi, mfumo unakusaidia wakati huo huo. Ikiwaka bila kuzima na hukuuzima mfumo wewe, umeharibika.

Magari yanayozima injini kwenye foleni na kuiwasha tena ukiachia breki yamewatia watu hofu bure, na wengine wameyauza kwa hasara. Mara nyingi shida ni betri. Yanahitaji betri ya aina yake, yenye maandishi kama M-42 au Q-85 juu yake, ambayo ni ghali. Ukiweka ya kawaida itachoka haraka.

Lugha ya Kijapani kwenye kioo kidogo cha dashibodi si ukuta tena. Simu yenye programu ya kutafsiri kwa kamera husoma kurasa nyingi za dashibodi vya kutosha kukuonyesha ni ipi ya matumizi ya mafuta na ipi ya matengenezo. Fanya hivyo gari likiwa limesimama.

Na kwa anayekwenda yadi mwezi huu, kuna kipimo kimoja kisicho na gharama. Kabla ya kuwasha injini, zungusha ufunguo hadi taa zote za dashibodi ziwake, au kwa gari la kitufe, kibonyeze mara mbili bila kukanyaga breki. Zote zinapaswa kuonekana, kisha nyingi zizime zenyewe. Tafuta hasa ile nyekundu ya mtu aliyeketi na mpira mbele ya kifua chake, ambayo ni ya mifuko ya hewa. Kama haiwaki kabisa, huenda gari liligongwa, mifuko ikalipuka na haikurudishwa, na mtu akaing’oa taa au akaiunganisha na ya jirani ili mnunuzi asijue. Angalia kama inazima sekunde ile ile na taa nyingine, maana taa yenye waya wake hufuata saa yake. Ukiwa na shaka, lipia mashine ya fundi wako mwenyewe isome kompyuta hapo hapo yadi, kabla pesa hazijatoka mfukoni. Muuzaji akikataa, nenda yadi ya pili.