Siku Nne, Gari Moja, Wawili Tu: Kutoka Mbulu Hadi Hanang

Mnadhani mnajuana? Pakieni hema, godoro na jiko la gesi, mwende Manyara. Mkirudi mtakuwa na jibu.

Ukitaja safari ya wapendanao, kila mtu anakimbilia Zanzibar. Hakuna ubaya, bahari ni bahari. Lakini hotelini mkikwaruzana mmoja anatoka zake kupunga upepo ufukweni. Kwenye gari mnalolala humo humo, utakwenda wapi? Huko Marekani na Ulaya kuna magari yenye kitanda, jiko na hata choo, na wastaafu huzunguka nayo miezi mizima. Kwetu linalofanya kazi hiyo ni Land Cruiser au Land Rover yenye hema juu ya paa, na Arusha yanakodishwa. Yanatosha kabisa.

Kwanza pesa

Ugomvi mwingi wa safari hauanzii njiani, unaanzia kwenye pochi. Kabla hamjawasha gari, kaeni mezani na kalamu. Nani analipa kodi ya gari? Mafuta? Chakula? Wekeni pia fungu la dharura ambalo hakuna anayeligusa bila kumwambia mwenzake. Halafu kila mmoja achague kituo kimoja ambacho ni lazima msimame, bila kupingwa. Ukikichagua wewe, yeye asinune. Akikichagua yeye, wewe pia usinune.

Mbulu: baridi ya kukumbatiana

Mkifika Karatu mnawaacha watalii waendelee na Ngorongoro, nyie mnakata kushoto kuelekea Mbulu. Huku ni juu, na baridi yake si mchezo. Bebeni blanketi la ziada.

Hii ni nchi ya Wairaqw, wakulima na wafugaji ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, mbali kabisa na Kibantu. Zamani walijenga nyumba zilizozama ndani ya mteremko, paa likiwa karibu sawa na ardhi, ili waliokuja kupora ng'ombe wasizione. Watu na mifugo walilala humo pamoja. Kwa hiyo ukitaka kulalamika kwamba hema ni dogo, wakumbuke hao kwanza!

Jazeni tangi Mbulu mjini, kisha piteni Dongobesh hadi Haydom, mji uliokua kuzunguka hospitali ya Kilutheri iliyoanza mwaka 1955. Njia ni ya vumbi sehemu nyingi, na wakati wa mvua tope lake linakamata gari. Anayeendesha aendeshe, aliye pembeni asome ramani. Kazi mbili, watu wawili. Baada ya saa mbili badilishaneni.

Basotu: ziwa na ngano

Kutoka Haydom mnashuka kuelekea Basotu, ndani ya wilaya ya Hanang. Ziwa lake ni la maji baridi, katika eneo lenye mashimo mengi ya volkano ya kale. Ndege ni wengi, kwa hiyo msisahau darubini.

Tambarare za jirani zina historia nzito. Kuanzia miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ililima huko mashamba makubwa ya ngano, na Wabarabaig wakapoteza malisho yao. Walifika hadi mahakamani kuyadai. Mkikutana na mama wa Kibarabaig kwenye mnada wa Katesh, na sketi yake ya ngozi na shanga, msimrukie na kamera. Salimieni, ombeni ruhusa, akikataa basi.

Hanang: nani aamue?

Mabaharia wa Zanzibar wana mnara wa taa wa Chumbe, uliosimama tangu mwaka 1904. Madereva wa nyanda hizi wana mlima Hanang. Umekaa peke yake, una zaidi ya mita 3,400, na unauona muda mrefu kabla ya kufika Katesh. Upande wake wa kaskazini liko ziwa Balangida, la magadi, ambalo kiangazi hunywea na kuacha weupe mtupu.

Mlima ni hifadhi ya msitu chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kibali na mwongozaji wa eneo ni lazima muwe navyo, na wenye haraka hupanda na kushuka kwa siku moja ndefu. Sasa hapa ndipo mapenzi yanapopimwa. Mmoja ana pumzi, mwingine kichwa kinamgonga na tumbo linachafuka. Hiyo si deko, ni dalili ya mwili kuchoshwa na hewa nyepesi. Dawa yake ni kushuka, na mnashuka wote. Kubalianeni mkiwa bado chini: aliyechoka ndiye anayeamua, na hakuna wa kumkumbusha mwenzake mwaka mzima kwamba "ulituangusha".

Na msiuchukulie mlima huu kimzaha. Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Ukiongea na wenyeji, ongea nao kama watu waliozika. Nendeni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, na kamwe msiegeshe gari la kulala kwenye korongo au mkondo wa maji, hata kama umekauka na una kivuli kizuri. Wenyeji wakisema "hapo hapana", hameni usiku huo huo.

Kurudi

Kutoka Katesh hadi Babati ni lami tupu. Zimeni redio kidogo. Kila mmoja ataje jambo moja lililomfurahisha na moja lililomkera, mwenzake asikilize bila kujitetea. Kama mmeweza hilo baada ya siku nne za vumbi, kuna mengi mtayaweza pamoja. Kama hamjaweza, ni heri mmelijua mapema, kabla ya kadi za mchango kuchapishwa.