Mbao Fupi na Mawimbi Makubwa ya Oahu

Kila mwaka, miezi ya baridi ianzapo kaskazini mwa dunia, vijana wa mataifa mengi hushuka katika uwanja wa ndege wa Honolulu, mji mkuu wa visiwa vya Hawaii. Mizigo yao ni mifuko myembamba, na ndani ya kila mfuko mna ubao mmoja au miwili. Hawakuja kwa biashara. Wamekuja kusimama juu ya mbao hizo na kuteleza juu ya mawimbi ya bahari.

Safari yao huishia pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Oahu. Wakati wa kiangazi bahari ya huko hutulia kama ziwa, hata watoto wakaogelea humo. Lakini kuanzia mwezi wa Novemba, dhoruba za mbali katika kaskazini ya Bahari ya Pasifiki husukuma mawimbi kwa maelfu ya kilomita. Mawimbi hayo hayakutani na kina kifupi cha kuyapunguza nguvu, hata yafikapo kwenye miamba iliyo karibu na ufuko. Hapo huinuka ghafla kama ukuta, kisha yakaanguka kwa kishindo. Mahali paitwapo Pipeline, wimbi hujikunja likawa kama bomba, nalo huangukia juu ya mwamba mkali uliofunikwa na maji machache tu.

Mchezo huu si wa jana. Mabaharia wa Kapteni Cook waliwakuta wenyeji wakiucheza, na mwaka wa 1779 Luteni James King aliandika habari zake kwa mshangao. Zamani hizo machifu walitumia mbao nzito zenye urefu wa zaidi ya mita 4. Katika karne ya ishirini aliyeutangaza mchezo huu ulimwenguni ni Duke Kahanamoku, mwogeleaji aliyepata medali za dhahabu za Olimpiki mwaka wa 1912 na 1920. Mwaka wa 1925, huko California, chombo kilipopinduliwa na mawimbi, Duke aliingia baharini na ubao wake akawaokoa watu 8. Baadaye wananchi wa Honolulu walimchagua kuwa sherifu wao, na wakaendelea kumchagua kwa miaka mingi.

Hadi katikati ya miaka ya 1960 mbao zilikuwa na urefu wa karibu mita 3. Mnamo mwaka wa 1967 na 1968 mafundi wa Australia, Marekani na Hawaii walianza kuzifupisha. Mwaka wa 1981 Simon Anderson wa Australia alionyesha ubao wenye mapezi matatu chini yake, na mtindo huo ndio unaotumiwa na wengi hata leo. Ubao mfupi wa siku hizi hauzidi sana urefu wa mtu, na mtoto aweza kuubeba kwapani. Hugeuka upesi, huingia ndani ya bomba la wimbi na kutoka salama. Lakini huelea kidogo tu, hivyo humtaka mwenye kuutumia awe na mikono yenye nguvu na akili iliyo macho. Tena siku ya mawimbi makubwa kupita kiasi, hata mabingwa huuweka kando wakachukua ubao mrefu.

Wageni wengi hawakulijua jambo hilo, wakazidiwa na maji. Kwa ajili yao, mwaka wa 1968 serikali ya mji wa Honolulu ilimwajiri kijana Eddie Aikau kuwa mlinzi wa ufuko katika pwani hiyo ya kaskazini. Kituo chake kilikuwa Ghuba ya Waimea. Watu husimulia kwamba aliwatoa majini zaidi ya watu 500, na kwamba hapana aliyekufa maji pale Waimea Eddie akiwa zamu.

Mwezi wa Machi, 1978, Eddie alijiunga na chombo cha tanga kiitwacho Hōkūle‘a, kilichoundwa kwa mfano wa vyombo vya mababu, kwa safari ya kwenda Tahiti. Usiku wa kwanza bahari ilichafuka na chombo kikapinduka. Kesho yake Eddie alichukua ubao wake, akawaaga wenzake, akaelekea kisiwa cha Lanai kutafuta msaada. Jioni ile wenzake wote 15 waliokolewa. Eddie hakuonekana tena. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Jina lake lilipewa shindano la Waimea, ambalo hufanywa tu mawimbi yanapokuwa makubwa kwelikweli, hata miaka kadhaa hupita bila kufanywa. Mwezi wa Januari, 2023, mshindi alikuwa Luke Shepardson, mlinzi wa ufuko uo huo. Siku hiyo alikuwa kazini. Alipofika wakati wake wa kushindana aliomba ruhusa, akapanda mawimbi, kisha akarudi kwenye zamu yake.

Walinzi hao huwapa wageni mafundisho machache, nayo yafaa kila nyumba iliyo karibu na maji. Kwanza, yatazame maji kwa muda kabla ya kuyaingia. Pili, usiingie peke yako, wala usiyape maji mgongo. Tatu, mkondo ukikuvuta kwenda mbali, usishindane nao, bali ogelea kuufuata ufuko hata utoke ndani yake, ndipo urudi nchi kavu. Nne, ukiwa na shaka, usiingie.

Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mgeni wa Oahu aweza kununua ubao mzuri kuliko wote dukani, lakini anayemrudisha kwa mama yake akiwa hai ni yule aliyekaa macho ufukoni, akitimiza zamu yake.