Kwaya, Madawati na Kalenda: Shule Zilivyojipanga Upya Wakati wa Korona

Machi 13, 2020, Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini humo. Siku hiyo hakufunga shule. Aliagiza masomo yaendelee, ila shughuli zote za kukutanisha shule na shule zisimame. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule zote. Nchini Tanzania mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Arusha Machi 16, na kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akazifunga shule kuanzia za awali hadi kidato cha sita. Uganda ilifunga za kwake Machi 20, siku moja kabla ya kuthibitisha mgonjwa wake wa kwanza.

Mtiririko wa maagizo ya Kenya una la kufundisha. Tamasha na mechi ndivyo vilivyotangulia kukatwa. Shule zilipofunguliwa, mambo yakawa kinyume chake: mtihani wa taifa ulitangulia kurudi, na kwaya na viwanja vikaja nyuma kabisa. Katika wiki za mwanzo uamuzi wa kusimamisha mechi na tamasha ulikuwa na sababu nzuri, kwani mechi moja ya wilaya huwachanganya watoto wa shule kadhaa na kuwarudisha makwao jioni ileile. Lakini janga lilipochukua miezi, swali la nini kifutwe halikutosha tena. Swali lililobaki ni namna ya kulifanya jambo lilelile kwa watu wachache, hewa nyingi na muda mfupi. Shule iliyolijibu swali hilo ilibaki shule. Iliyoendelea kufuta tu iligeuka kituo cha mitihani.

Hesabu huanzia kwenye chumba cha darasa. Tuchukue chumba cha mita 7 kwa 8. Mbele mwalimu anahitaji kama mita 2 za kusimama na kuandika ubaoni, hivyo wanafunzi wanabaki na eneo la mita 7 kwa 6. Wizara ya Afya ya Kenya ilitaka nafasi ya mita 1.5 kati ya mtu na mtu. Ukiacha nusu mita kila upande wa ukuta, upana wa chumba unapokea viti vitano. Kwenda nyuma unapata safu nne. Jumla ni watoto 20.

Darasa la watoto 45 haliingii humo. Hata likigawanywa zamu mbili, 20 asubuhi na 20 mchana, watoto watano wanabaki nje. Na hapo ni darasa la watoto 45, wakati mijini yapo madarasa yenye watoto 80 na zaidi. Ndiyo maana agizo la kukaa mbalimbali lilikuwa rahisi kutangaza na gumu kutekeleza, na ndiyo maana baadhi ya shule zilihamishia vipindi chini ya miti, kwenye veranda na kwenye kumbi za chakula. Mei 2020 Serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kununua madawati 250,000 kutoka kwa mafundi wa humo nchini na kuajiri walimu 10,000 kwa mkataba. Mafundi wa jua kali walipata kazi na wanafunzi wakapata pa kukaa. Hata hivyo, dawati jipya haliongezi upana wa chumba.

Njia ya pili ni kupunguza watu wenyewe. Kenya ilipoanza kufungua shule Oktoba 12, 2020, ilirudisha madarasa matatu tu: gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne. Darasa la nane na kidato cha nne walikuwa watahiniwa. Gredi ya nne ndilo kundi lililotangulia kwenye mtaala mpya wa umilisi, nalo lilikuwa linasubiri tathmini. Kwa kuwa wanafunzi wa madarasa mengine walikuwa bado nyumbani, vyumba vyao vilikuwa wazi, na kundi moja liliweza kugawanywa katika vyumba viwili au vitatu. Wanafunzi waliosalia walisubiri hadi Januari 4, 2021, zaidi ya miezi tisa tangu walipoagana na walimu wao.

Denmark ilianzia upande mwingine. Aprili 15, 2020, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza Ulaya kufungua shule, iliwarudisha watoto wadogo: wa chekechea na wa madarasa ya chini hadi la tano. Watoto wale waligawanywa katika vikundi vidogo visivyochanganyika, wakanawa mikono mara kwa mara, na sehemu kubwa ya siku wakasomea nje hata kwenye baridi. Denmark ilikuwa na hoja mbili: kwamba watoto wadogo hawaugui sana korona, na kwamba wazazi hawawezi kurudi kazini watoto hao wakiwa nyumbani. Ipo hoja ya tatu ambayo kila mwalimu wa darasa la kwanza anaijua. Kijana wa kidato cha nne anaweza kupewa kitabu akasome peke yake, lakini mtoto anayejifunza kuunganisha herufi hawezi. Vipindi vya redio na televisheni, kama vile vya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, vilisaidia wengi. Hata hivyo redio haimwoni mtoto aliyeshika penseli vibaya, wala haisikii anaposoma "ba" mahali palipoandikwa "da". Mpango wowote wa kufungua shule kwa awamu unapaswa kuwapa wadogo nafasi mapema, sambamba na watahiniwa.

Kunawa mikono nako kuna hesabu yake. Shule nyingi za vijijini hazina mabomba ya kutosha, na hapo ndipo kibuyu chirizi kilipothibitisha thamani yake. Chombo hiki kilikuwepo kabla ya korona, katika kampeni za kupambana na kipindupindu. Miti miwili yenye panda inachimbiwa ardhini, na fito inalazwa juu yake. Kidumu cha lita tano kilichotobolewa tundu dogo karibu na mdomo kinaning'inizwa kwenye fito. Kamba inatoka kwenye shingo ya kidumu hadi kwenye kijiti kilicholala chini. Mtoto akikanyaga kijiti, kidumu kinainama na maji yanachirizika. Akiondoa mguu, kidumu kinarudi na maji yanakatika. Kipande cha sabuni kilichotobolewa kinaning'inia kando kwa kamba yake, na hakuna mkono unaogusa koki iliyoguswa na mkono mwingine.

Lakini kibuyu kimoja hakitoshi. Mtoto akinawa kwa sekunde 20, shule ya wanafunzi 600 yenye kibuyu kimoja itahitaji dakika 200, yaani zaidi ya saa tatu za foleni, na foleni ndiyo msongamano wenyewe. Vibuyu kumi vinaishusha kazi hiyo hadi dakika 20. Vikiwekwa nje ya kila darasa badala ya getini, watoto hawakusanyiki wote mahali pamoja. Jambo la mwisho ni jina la mtu: nani anajaza maji kabla ya saa moja na nusu asubuhi? Pasipo orodha ya zamu, vidumu hukauka kufikia Jumatano.

Kadiri miezi ilivyokwenda, wanasayansi walizidi kuonyesha kwamba hewa ina nafasi kubwa katika maambukizi kuliko ilivyodhaniwa mwanzoni. Mfano unaotajwa sana unatoka kwenye kwaya moja huko Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani. Machi 10, 2020, wanakwaya 61 walifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ndani ya ukumbi. Mmoja alikuwa na dalili. Baadaye wagonjwa waliothibitishwa au kudhaniwa kuwa na korona walifika 53, na wawili wakafariki dunia. Anayeimba huvuta pumzi kwa kina na kuitoa kwa nguvu, na matone madogo mno yanabaki yakielea ndani ya chumba kilichofungwa.

Habari hii inagusa moyo wa shule za Afrika Mashariki. Gwaride la asubuhi lina wimbo wa taifa. Mahafali yana kwaya, ngonjera, ngoma na risala. Darasa la kwanza hujifunza kuhesabu kwa kuimba. Kuvifuta vyote ni kuondoa njia ambazo mtoto asiyeng'ara kwenye hisabati hujipatia heshima mbele ya wenzake. Lakini mfano uleule wa kwaya unaonyesha pa kurekebisha, kwa kuwa mambo yaliyoleta maafa yalikuwa manne: chumba kilichofungwa, muda mrefu, watu wengi na mgonjwa aliyehudhuria. Kwaya ya watoto 12 inayofanya mazoezi kwa dakika 20 chini ya mwembe, huku wamesimama mbalimbali na mwenye mafua akibaki nyumbani, haifanani na ukumbi ule.

Kwa mantiki hiyohiyo gwaride linaweza kuhamia madarasani. Mwalimu wa zamu anatoa matangazo kwa kipaza sauti, au anapita mlango hadi mlango, na kila darasa linaimba beti zake madirisha yakiwa wazi. Mahafali yanaweza kugawanywa kwa mikondo, kila mkondo saa yake, mzazi mmoja kwa kila mhitimu, viti nje, turubai bila kuta. Ngonjera, ambayo kwa kawaida husemwa na watoto wawili watatu wakijibizana, inafaa sana kwa kipindi kama hiki kwa sababu haihitaji umati jukwaani. Michezo ya ndani ya shule inaweza kuanza mapema, darasa kwa darasa: riadha, kuruka kamba, kurusha tufe. Mashindano ya kusafiri kwa basi la watoto 60 yasubiri, kwa sababu hatari iko zaidi kwenye basi na bweni la wageni kuliko uwanjani.

Shule zilizojengwa zamani na kanisa, msikiti au jumuiya zina faida ambayo wakuu wao huisahau. Dari ziko juu, madirisha yako pande mbili, na juu ya ukuta pamepangwa matofali ya matundu. Hewa inaingia upande mmoja na kutoka wa pili. Vyumba vipya vyenye madirisha upande mmoja, au vilivyozibwa mbao kuzuia wezi, haviipati hewa hiyo. Kufungua dirisha lililopigiliwa misumari ni kazi ya nusu siku ya fundi, na faida yake inabaki hata kwa kifua kikuu na surua.

Baada ya nafasi na hewa inabaki kalenda, na hapo kila nchi ilichukua njia yake. Tanzania iliwarudisha kidato cha sita Juni 1, 2020, na mtihani wao ukaanza Juni 29, siku ambayo shule nyingine zote zilifunguliwa. Ili kufidia muda, Wizara ya Elimu iliagiza saa mbili ziongezwe kwenye masomo ya kila siku. Uganda ilifungua kwa awamu, ikafunga tena Juni 2021, na haikufungua shule zote hadi Januari 10, 2022. Hakuna nchi duniani iliyokaa muda mrefu kama huo bila kurudisha wanafunzi wote. Walimu wa Uganda walipewa mtaala uliofupishwa, na wanafunzi wakapandishwa darasa.

Kenya ilichagua kukimbiza muda. Julai 2020 Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea. Mitihani ya taifa ya 2020, KCPE ya kumaliza shule ya msingi na KCSE ya kumaliza sekondari, ilifanyika Machi na Aprili 2021. Kisha mihula ikafupishwa, mwaka wa masomo ukawa wa wiki 30 badala ya 39, na likizo zikabanwa. Mwaka 2022 ulibeba KCPE mbili, moja Machi na nyingine Novemba. Kalenda ya kawaida ilirudi Januari 2023.

Kwenye karatasi mpango huo ulifaulu. Ndani ya mabweni ulileta uchovu. Oktoba na Novemba 2021 wimbi la machafuko na moto lilizikumba shule nyingi za upili, na walimu na wazazi wengi wakaitaja ratiba iliyobanwa kuwa miongoni mwa sababu. Wizara iliongeza mapumziko ya katikati ya muhula Novemba hiyo. Mwanafunzi wa bweni aliyekuwa amezuiwa kutembelewa, bila mechi, bila tamasha, akisoma alfajiri hadi usiku, hakuwa na dirisha la kupumulia. Michezo na muziki vilikuwa na kazi katika ratiba ile, na vilipoondolewa hakuna kilichoifanya kazi hiyo.

Magonjwa ya mlipuko hayajakoma ukanda huu. Kagera ilipata Marburg mwaka 2023, Uganda imepambana na Ebola zaidi ya mara moja, na mpox imesambaa kutoka Kongo hadi kwa majirani. Kila ugonjwa una njia yake ya kuambukiza, kwa hiyo hatua za korona hazinakiliwi zilivyo. Hata hivyo mwalimu mkuu anaweza kuandaa sasa mpango wa kurasa mbili, akikaa na kamati ya shule na mganga wa zahanati iliyo karibu. Ukurasa wa kwanza uwe na vipimo vya kila chumba na idadi ya watoto kinaowapokea kwa nafasi ya mita 1 na ya mita 1.5, orodha ya madirisha ya kufunguliwa, idadi ya vibuyu chirizi na majina ya wanaovijaza. Ukurasa wa pili uwe na mpangilio wa zamu, darasa la kwanza na la pili wakiwa wametengewa siku zao, namba za simu za wazazi kwa kila darasa, na ratiba ya wiki yenye vipindi viwili vya michezo ya nje na kimoja cha muziki chini ya mti. Vipindi hivyo vitatu viandikwe kwa wino uleule wa hisabati, ili siku agizo la kupunguza masomo litakapofika, atakayetaka kuvifuta alazimike kwanza kueleza sababu mbele ya kamati.